Usitaje Wewe Kwanza

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, ukiacha magoti ya baba, ambayo yanamuuma kila akiombwa kubeba kitu na kupona kila akisikia jirani amewasha televisheni ya mpira. Mke wangu anakusalimu sana. Tumbo limekuwa kubwa, hawezi tena kupita kati ya kitanda na kabati bila kugeuka ubavu, na chumba chetu ni kile kile kimoja nyuma ya jiko la mama yake. Mama mkwe hasemi kitu. Anaosha sufuria tu, kwa kelele.

Sasa nililolikalia chini kuandika. Kiwanda cha mablanketi ulichofanyia kazi wewe kimeniita. Fundi wao wa boila amestaafu, wakanipa boila niliwashe mbele yao, wakaridhika. Barua yao inasema wananitaka, kilichobaki ni kwenda kwa meneja utumishi tukubaliane mshahara. Hapa kwenye kiwanda cha sabuni napata laki nne, na sabuni. Nilifikiria kuomba laki tano, nikiona amekunja uso nishuke kidogo. Nikiikosa kazi hii, mtoto atazaliwa nyuma ya jiko.

Baba aliniambia nisikuulize wewe. Nilipomuuliza kwa nini, akainuka, na magoti yake yale yale, akatoka nje. Mimi nakuuliza. Ulikaa pale miaka mingi. Nimtajie ngapi?

Mwanao, fundi

14 Februari

Mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Barua yako imefika, na usijaribu tena kunipigia simu. Simu ni ya binti yangu, dada yako ninayekaa kwake, na kila kinachoingia humo shemeji yako anakisoma kabla yangu. Isitoshe sikio la kushoto limeshakufa, na la kulia linasikia kama mtu aliyejifunika blanketi. Dada yako hajambo, anajenga uzio. Shemeji yako anazungumza nami kwa kupiga kelele, halafu anashangaa majirani wanajua siri zake.

Mwambie baba yako nimemsikia, ingawa mimi ni kiziwi.

Meneja utumishi ni yule yule? Mfupi, shati la mikono mirefu mwaka mzima, ofisi yake ina baridi kama stoo ya nyama? Sisi tulimwita Kiyoyozi. Kama ni yeye, basi soma hapa mara mbili.

Usitaje wewe kwanza. Atakuuliza, "Kijana, wewe unataka ngapi?" kwa sauti ya baba mzazi. Usitaje. Mwambie ungependa kusikia kiwanda kimepanga nini. Akisema kiasi, usishukuru. Usitikise kichwa. Nyamaza, umwangalie mkono unaoshika kalamu, na unyamaze mpaka yeye aongee tena. Hawezi kuvumilia kimya, yule. Kimya chake ni cha kuwafanyia wengine.

Na umkamue. Mwenye kiwanda humpa fungu moja la mishahara ya mwaka mzima, na kinachobaki mwisho wa mwaka Kiyoyozi anapewa sehemu yake kama zawadi ya kubana matumizi. Kila shilingi utakayoiongeza wewe inatoka kwenye ile zawadi. Nataka atoke jasho ndani ya baridi yake.

Ukiniuliza nimeyajuaje, nilikaa pale. Inatosha.

Shangazi yako

2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Baba amegombana na jirani, kwa hiyo mpira hatuangalii tena.

Ni yeye. Shati la mikono mirefu, na mashine ya baridi inadondosha maji kwenye ndoo pembeni ya meza. Aliniketisha, akaniuliza habari za mke, akaniambia kiwanda ni familia. Kisha, neno kwa neno kama ulivyoandika:

"Kijana, wewe unataka ngapi?"

"Ningependa kusikia kiwanda kimepanga nini, mzee."

Akacheka. "Hapana, hapana, usiogope. Sema tu. Mtu anajua thamani yake."

"Kiwanda kinaijua kazi yake zaidi yangu."

Akaandika kitu, akakifuta. "Laki tano," akasema.

Shangazi, hiyo ndiyo niliyotaka kuomba! Ulimi ulishaanza kusema asante, nikauuma. Nikaangalia kalamu. Maji yanadondoka kwenye ndoo. Nilitamani kukimbia. Akasema, "Na nusu." Nikanyamaza. Akasema boila ni kazi nzito, anaelewa. Nikanyamaza. Akafika laki sita na nusu bila mimi kufungua mdomo, na posho ya zamu ya usiku juu yake. Nilipotoka nje jua lilinipiga, ndipo nikagundua natetemeka, sijui ni baridi au ni furaha.

Amenipa mpaka mwisho wa mwezi nijibu. Mke wangu ameshaulizia nyumba ya vyumba viwili. Nisaini?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Usisaini.

Fundi aliyestaafu alikuwa anapata laki tisa. Najua kwa sababu mke wake alikuwa jirani yangu na alikuwa hajui kufunga mdomo, Mungu amrehemu. Boila likizimika hakuna mvuke, hakuna mvuke rangi haichemki, na pamba inakaa nyeupe mpaka mteja aondoke. Hilo Kiyoyozi analijua. Na kama angekuwa na fundi mwingine, asingekupa mwezi mzima wa kufikiri.

Rudi umuulize fundi wa zamani alikuwa anapata ngapi. Muulize ukimwangalia usoni. Kisha hapo, na hapo tu, utaje wewe: laki tisa na nusu. Usishuke hata senti. Ukishuka hata senti, usiniandikie tena.

Salamu zote. Sina nafasi ya salamu leo.

Shangazi

30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimesaini. Laki tisa na nusu.

Nilikwenda nikiwa na roho mkononi. Mke wangu alikuwa amelia usiku, akasema kwa nini tunachezea kazi ya watu. Nilipomuuliza Kiyoyozi ile habari ya fundi wa zamani, kalamu ikasimama. Akavuta fomu yangu, akasoma jina la ukoo, akalisoma tena.

"Wewe una undugu na Mama Alitaja?"

Nikamwambia simjui mtu huyo.

"Msimamizi wa zamu. Mwanamke mmoja hivi, mkali." Akaanza kucheka peke yake. "Nilimpandisha cheo, nikamuuliza anataka ngapi, akataja kiasi kidogo mpaka nikamwonea huruma. Nikakiandika. Mwaka uliofuata anakuja kunililia kwamba mwanamume wa zamu ya pili analipwa karibu mara mbili. Nikamwambia, mama, si ulitaja mwenyewe? Kiwanda kizima kilicheka."

Aliyasema hayo mbele yangu, Shangazi, akifuta machozi ya kicheko kwa mkono wa shati. Damu ilinichemka. Nikamwambia, "Huyo ni shangazi yangu. Laki tisa na nusu, na sishuki." Nilidhani atanifukuza. Akaandika. Aliandika haraka mno, nami sikupenda jinsi alivyoandika. Akanisomea kifungu cha mwisho: kumwambia mfanyakazi mwingine mshahara wako ni kosa la kufukuzwa kazi. Nikasaini.

Tumepata vyumba viwili, vyenye dirisha la kufunguka. Nakushukuru, na sijui nikushukuruje. Lakini ungeniambia. Nilikwenda vitani bila kuambiwa ni vita.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Nimecheka mpaka dada yako akaja kuangalia kama nimepatwa na kitu. Laki tisa na nusu! Nimeikata barua yako kile kipande cha "aliandika", nimekiweka chini ya mto ninaolalia.

Alikusimulia nusu. Ni kawaida yake, hulipa nusu. Hakukuambia kwamba aliwaita wanawake wenzangu wote ofisini, akaniuliza mbele yao, "Nani alitaja?" mpaka nikajibu. Nao wakacheka. Waliokuwa wanakula na mimi, walionishonea nguo ya msiba wa mume wangu, wakacheka. Pale mishahara ni siri, kila mtu anaingia peke yake ofisini siku ya malipo na kutoka na bahasha kifuani, na kumuuliza mwenzio anapata ngapi ni utovu wa adabu kuliko kumchungulia bafuni. Kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba na yeye amepunjwa. Walidhani mjinga ni mimi tu.

Kisha akanihamishia ukumbi wa mashine za kufuma, nisimame katikati yake zamu nzima. Nikaomba vya kuziba masikio. Akasema havimo kwenye bajeti.

Basi. Sasa unajua. Nilale vizuri, nawe ulale vizuri. Mwaka huu hiyo zawadi yake ataisikia harufu tu.

Shangazi yako

28 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mtoto amezaliwa, wa kike, ana hasira tayari. Mama yake mzima. Baba amekuja kumwona na amembeba asubuhi hadi jioni bila kutaja magoti.

Nyumba ni nzuri. Kazi ni nzuri, boila ni zee lakini linasikia. Nakuandikia jambo jingine.

Wasimamizi wa zamu, hao wanawake walio kwenye nafasi yako ya zamani, walikuwa wameahidiwa nyongeza mwezi wa tano. Siku ya malipo waliingia mmoja mmoja, na kila mmoja aliambiwa: nyongeza haipo, fungu limeisha, fundi wa boila amelitafuna. Hakuwatajia kiasi. Aliwaambia tu muulizeni shangazi yake.

Zawadi yake iko pale pale. Mimi sikula jasho lake, nimekula la hao kina mama.

Hawaniitikii salamu. Nikiingia kunywa chai, vikombe vinaondolewa mezani. Mmoja, mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, alinifuata mpaka kwenye boila akaniuliza usoni: "Mwanangu, wanakulipa ngapi?" Nikamwambia siruhusiwi kusema. Akaniangalia vile unavyoangalia mtu aliyekuibia ukamfahamu.

Huyo mama anakukumbuka. Anasema alikushonea nguo.

Mwanao

10 Julai

Mwanangu,

Hongera kwa mtoto. Mungu amkuze, na hiyo hasira asimpunguzie.

Huyo mama na acheke sasa. Nilitaka kuandika hivyo tu na kufunga bahasha. Nimekaa nayo siku nzima, sikuweza kuifunga.

Waambie. Kila mmoja, kiasi kamili. Waambie na fundi wa zamani alikuwa anapata ngapi, na waulizane wao kwa wao. Kiyoyozi hana silaha nyingine, ana ule mlango anaoufunga tu. Ukiuvunja huo, amekwisha.

Shangazi

24 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Hapana.

Nimesaini kifungu. Wakinifukuza, vyumba viwili vimekwenda. Mtoto anakohoa usiku na daktari amesema asikae kwenye moshi wa jiko. Nilikwenda kupigana vita yako mara moja bila kujua. Mara ya pili, nikijua, sitaki. Na usiniambie tena unafanya kwa ajili ya hao kina mama. Unataka kumwona yule mtu chini, na mimi ndiyo fimbo yako.

Tafadhali usiniombe tena.

Mwanao

2 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Nimekusubiri uandike, hukuandika, na sasa najua kwa nini.

Nilikuwa nimepanda juu ya boila nakaza valvu, zamu zinabadilishana, wanaotoka wanakutana na wanaoingia getini. Nikasikia sauti. Shangazi, unajua unavyoongea siku hizi? Nilidhani ni mtu wa kutangaza mnada. "FUNDI WA BOILA ANAPATA LAKI TISA NA NUSU! MIMI ZAMANI NILIPEWA NUSU YA MWANAMUME! WEWE UNAPATA NGAPI? NA WEWE?" Nikateremka nikikimbia, mafuta mikononi. Ulikuwa umesimama juu ya kreti la soda, na mkoba umeukumbatia kifuani. Mlinzi anakusihi ushuke, wewe unamjibu, "SIKUSIKII, BABA!" Nami nikajua kwamba hapo unamsikia vizuri.

Mama aliyekushonea nguo ndiye wa kwanza kusema. Alisema laki tatu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayevua nguo hadharani. Akafuata mwingine, laki tatu na ishirini. Mwingine mbili na themanini, kazi ile ile. Nilisimama hatua chache kutoka kwako. Uliniona. Najua uliniona. Ulinipita ukaenda kupanda basi, hukuja kumwona mtoto wangu, ambaye nyumba yake unaweza kuiona ukiwa pale getini.

Nikusimulie kilichofuata, maana ni haki yako. Zamu ya jioni haikuwasha mashine. Wala ya asubuhi. Mwenye kiwanda akaja mwenyewe, akaitisha faili zote, na alipoona ile zawadi ilikuwa inakatwa kwenye nyongeza za kina mama hakumtetea mtu, kwa sababu mteja mkubwa alikuwa ameshaondoka na oda yake. Kiyoyozi ameachishwa kazi, bila kiinua mgongo. Wasimamizi wamepandishwa mshahara, wanawake na wanaume sawa. Wamekuimbia wimbo, wamekutaja kwa jina lako halisi.

Kisha wakaniita mimi. Kiasi changu kimetoka nje, na kifungu kina saini yangu. Nikasema sikumwambia mfanyakazi yeyote. Wakasema nilimwambia nani basi? Nikanyamaza, na safari hii kimya hakikunisaidia. Nimebakizwa kazini kwa huruma ya hao kina mama, kwa laki nne na nusu. Kodi imenishinda. Tumerudi nyuma ya jiko. Mama mkwe haoshi tena sufuria kwa kelele, sasa anaongea.

Ningekuomba uniambie kabla. Ungegonga mlango tu, ningetengeneza chai, ungenieleza, pengine ningekubali.

Fundi

15 Septemba

Mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Mwambie mkeo pole, na mtoto nimemtumia sweta kwa basi la Alhamisi. Hela kidogo zimo mfukoni mwa sweta, usinirudishie.

Sikuombi radhi. Ningekuomba, ningekuwa naongopa, na wewe umeshachoshwa na uongo wangu. Nilikupita pale getini kwa sababu ningesimama kwako ningelegea, na sikutoka huku kote kwenda kulegea. Kwa mtoto nitakuja, ukinikaribisha.

Nina neno moja tu. Silali kwa ajili yake. Nilipanda basi nikaondoka kabla Kiyoyozi hajateremka kutoka ofisini kwake, sikumwona. Wewe ulikuwepo siku aliyotoka? Alisema nini? Alijua ni mimi? Alinitaja?

Nimesimama katikati ya zile mashine miaka yote ile nikiisubiri siku hiyo, na siku yenyewe nimeikosa. Niandikie hilo tu. Mengine yote nikasirikie unavyotaka.

Shangazi yako

6 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Sweta limefika, limemkaa vizuri. Hela nimelipia dawa ya kifua, tunashukuru. Baba na jirani wamepatana, kwa hiyo magoti yamepona.

Umeuliza kama nilikuwepo. Nilikuwepo. Boksi lake la vitu lilikuwa zito na kila aliyeombwa kulibeba alikataa, basi mwenye kiwanda akanituma mimi. Tulitembea pamoja kutoka mlango wa ofisi mpaka kwenye gari yake, yeye na mimi, hakuna mwingine. Nililiweka boksi kwenye kiti cha nyuma. Hakupanda gari. Aliweka mkono juu ya paa, akageuka, akaongea juu yako. Hayakuwa maneno mawili matatu. Aliongea mpaka mlinzi akafungua geti akalifunga tena. Na uso wake, wakati anayasema, niliuona karibu kama ninavyouona ukuta huu.

Nayakumbuka yote. Sijamwambia mke wangu, wala baba. Yeye mwenyewe amehamia kwa mwanawe, mbali, hakuacha anwani. Aliyesikia ni mimi peke yangu.

Sitakuandikia, Shangazi. Usiniulize tena.

Msalimie dada, na shemeji. Uzio umefika wapi?

Fundi